Kwa nini mlilana uko mbele, mkoko katikati na mchu nyuma? Uzi wa chumvi, maji na majirani

#1 MwanaMwambao (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu.

Uzi huu wa mikoko, ile miti ya topeni pwani, nimeukalia muda mrefu, leo naumwaga. Nianze na kilichoniuma, hoja itafuata.

Mwaka juzi, kusi ikiwa ndiyo inaanza, kijijini kwetu kaskazini ya Tanga ilikuja taasisi moja na fulana, maji ya chupa na lori la miche ya mikoko. Tukapanda siku nzima, vijana kwa wazee. Tulipangiwa tope la wazi mbele ya msitu, upande wa baharini, kwa kuwa pale hapakuwa na mti hata mmoja, na kwa macho ya mgeni ni eneo lililokaa bure. Nilipanda mistari miwili kwa mikono yangu, kila mche nikaukandamiza kwa kisigino. Bibi mmoja anayeokota kombe pale tangu akiwa mwari alisimama pembeni na ndoo yake, akauliza: "Wanangu, mlilana wenyewe umeishia pale nyuma. Huo mkoko mnaupeleka mbele yake ukafanye nini?" Tukamwamkia, tukaendelea kupanda.

Miezi minne baadaye nikarudi siku ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine), maji yamepwa mbali. Miche mingine imelala chini. Mingine imevikwa vile vigamba vyeupe vinavyoganda chini ya mitumbwi, kuanzia topeni hadi kwenye majani mawili ya juu, mche umeinama kwa uzito. Kwenye mistari yangu nilihesabu mitatu iliyosimama. Kaskazi ilipoingia haukubaki hata mmoja.

Tangu hapo nimekuwa nikiingia msituni na yule bibi, na nikirudi nyumbani nasoma. Nilichokuja kusema ni hiki: mti wa mikoko upo ulipo kwa sababu mbili zilizoshikana. Ya kwanza ni mahali penyewe, yaani chumvi, tope, na muda ambao maji yanakaa juu ya mizizi. Ya pili ni jirani, aliyeuachia nafasi au aliyeunyima. Ukipanda bila kujua ipi kati ya hizo iliyouzuia mti kuota pale, unatupa miche.

Twende pamoja kutoka baharini kuelekea nchi kavu, tukitembea kwenye tope.

Wa kwanza kukutana naye ni mlilana, maji ya bahari yanampiga kila siku. Mizizi yake inachomoza juu kama pembe nene. Wavuvi huikata wakafanyia maboya ya nyavu. Nyuma yake tope linakuwa laini, unazama hadi gotini, na hapo ndipo unapotawala mkoko wenyewe, ule uliolipa kundi zima jina, wenye miguu iliyopinda kama matao. Ndani yake utakutana na muia hapa na pale, mizizi yake imekunjwa kama magoti ya mtu aliyechuchumaa. Panda kidogo, tope linakuwa gumu, unaingia kwenye mkandaa, miti myembamba iliyobanana hata kupita ni shida. Mwisho kabisa, karibu na minazi, unatoka kwenye uwanda wa mchanga wenye unga mweupe wa chumvi juu yake, na hapo amesimama mchu peke yake, mfupi, wakati mwingine haukufiki kiunoni.

Halafu kuna jambo ambalo yule bibi ndiye aliyenionyesha. Mchu huohuo unauona tena mbele kabisa, pembeni ya mlilana, lakini huko ni mti mkubwa, shina la kuchongea mtumbwi. Mbele upo. Nyuma upo. Katikati haupo. Kama ni suala la chumvi na maji tu, mti unaovumilia mbele na unaovumilia nyuma ungeshindwaje katikati, mahali ambapo maisha ni laini zaidi?

Nawaachia hapo kwanza, nasubiri wenye ujuzi.

#2 Kibanda_cha_Kahawa

Nimeweka kambi. Mimi ni mtu wa bara, mkoko nauona nikivuka daraja tu. Endelea mkuu.

#3 FundiMataruma

Mwanangu umegusa kazi yangu. Sisi mafundi wa majahazi hatukusoma hayo mambo lakini tunayajua kwa shoka. Mataruma, yaani mbavu za jahazi, tunakata kwenye mlilana, kwa sababu ule wa mbele umepigwa na mawimbi tangu mche, umejipinda wenyewe, pindo la asili lina nguvu kuliko pindo la kuchonga. Mlingoti tunautafuta kwenye msikundazi, na msikundazi huupati kwenye chumvi kali. Uende kwenye midomo ya mito, maji baridi yanapoingia.

Sasa boriti. Boriti nzuri, ndefu, imenyooka, haina mafundo, huipati ukingoni. Mkoko wa ukingoni, unaopata jua pande zote, unatanua matawi kama mwembe. Ingia katikati, walikobanana. Huko kila mti unakimbilia juu, atakayechelewa anafunikwa na anakufa akiwa fito. Ukikata ukaacha uwazi mkubwa, miti inayobaki inaanza kutanua matawi na boriti za kizazi kinachofuata zinaharibika. Marehemu baba alikuwa akisema kata ukiruka, usikate ukifyeka.

#4 MwanaMwambao

Shikamoo Fundi. Umeeleza ushindani kwa mfano ambao mimi sikuwa nao. Ile boriti iliyonyooka ni kumbukumbu ya ugomvi wa mwanga. Nyumba ngapi za mawe kuanzia Lamu hadi Unguja zimeezekwa kwa ugomvi huo! Hata upana wa vyumba vya zamani ulifuata urefu wa boriti.

#5 Mwalimu_Baiolojia

Wakuu, nifundishavyo kidato cha tano naona hapa ni mahali pa kumleta mtafiti Joseph Connell. Mwaka 1961 alitoa matokeo ya kazi aliyoifanya kwenye mawe ya ufukweni katika kisiwa cha Cumbrae, Skotlandi. Alikuwa anachunguza vigamba vilevile alivyovitaja mwanzisha uzi, vile vinavyoganda kwenye mawe na vyombo. Pale kulikuwa na aina mbili. Aina ndogo ilikaa juu ya mwamba, ambapo maji hufika kwa nadra. Aina kubwa ilikaa chini, ambapo maji hufika kila siku.

Mtu angesema haraka kwamba kila mmoja anapenda pake. Connell hakuridhika na hilo. Alichukua mawe yenye aina ndogo akayateremsha chini, na sehemu nyingine akawa anang'oa aina kubwa kila ilipojaribu kuganda. Akaona kwamba aina ndogo inaishi vizuri tu kule chini, mradi mkubwa hayupo. Akiwepo, mkubwa anakua haraka, anampanda juu, anamng'oa kwa chini au anamminya pembeni hadi anapasuka. Na mkubwa naye hapandi juu kwa sababu kule jua linamkausha.

Kwa hiyo mpaka wa juu wa yule mkubwa umewekwa na ukavu. Mpaka wa chini wa yule mdogo umewekwa na jirani. Ukiangalia kwa macho mipaka yote miwili inafanana, ni mstari tu kwenye jiwe. Huwezi kujua upi ni upi mpaka umwondoe mmoja.

Hapo ndipo ninapowabana wanafunzi wangu: kuona kiumbe mahali si ushahidi kwamba anapapenda. Huenda hapo ndipo alipobakiziwa.

#6 MwanaMwambao

Mwalimu, sentensi yako ya mwisho ndiyo mkoko wenyewe.

Watu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, tunaamini mkoko unapenda chumvi. Chukua mbegu ya mkoko, ile ndefu inayoning'inia kama fimbo, ipande kwenye ndoo ya maji baridi. Inaota. Inatoa majani. Nimefanya mwenyewe uani, mche wangu una mwaka sasa. Na wataalamu wanasema mingi ya miti hii hustawi zaidi kwenye maji yenye chumvi kidogo, chini ya ile ya bahari. Sasa kwa nini hatuoni mikoko ikiota shambani au kandokando ya mto huko juu? Kwa sababu huko kuna majani, mianzi, miti ya nchi kavu inayokua mbio. Mkoko umetumia nguvu yake kujenga mizizi ya kupumulia na namna ya kuizuia chumvi. Akishindanishwa na mtu ambaye hajabeba mzigo huo, anaachwa nyuma. Penye chumvi yule wa nchi kavu anakufa, mkoko anapumua.

Na kila mmoja ana namna yake ya kuibeba chumvi. Mkoko wa katikati unaizuia mlangoni: mizizi yake inachuja maji, sehemu kubwa ya chumvi inabaki nje. Mchu unaiingiza kiasi halafu unaitoa kwa majani. Hili ningependa kila mtu alijaribu. Nenda asubuhi, kabla jua halijapanda, chuma jani la mchu, ligeuze, liguse kwa ulimi. Ni kama umelamba chumvi ya jikoni. Jua likishapiga unaona punje zenyewe zinang'aa juu ya jani, unazifuta kwa kidole.

Ndiyo maana mchu anaweza kukaa kwenye ule uwanda wa nyuma. Pale maji hufika siku za bamvua tu, mara chache kwa mwezi, halafu jua linayakausha na kuacha chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Kwenye tope la nyuma inaweza kufika mara mbili yake na kupita. Mchu anaishi, lakini unaona gharama yake kwenye kimo.

#7 Mtoto_wa_Kisiju

Mkuu nakuheshimu lakini sipendi ujumbe wako. Tumehangaika miaka kuwashawishi watu wapande mikoko, wewe unakuja kusema miche inatupwa. Mbona Gazi walipanda na leo ni msitu? Mbona wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa ambayo msitu unaihifadhi? Ukikatisha watu tamaa, wenye mashoka watafurahi.

#8 MwanaMwambao

Ndugu yangu wa Kisiju, nimekuelewa na hasira yako ni yangu pia. Gazi ni mfano mzuri na ndiyo maana tuutazame vizuri.

Pale Gazi, kusini mwa Mombasa, mikoko ilifyekwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Sehemu zilizofyekwa zikabaki uchi, hazikurudi zenyewe. Watafiti wa taasisi ya bahari ya Kenya, KMFRI, wakaanza kupanda kwa majaribio mwaka 1991. Walikuwa wanarudisha mti mahali ulipokuwa, penye visiki vyake. Swali la "je, mahali hapa panamruhusu?" lilikuwa limeshajibiwa na visiki. Mradi wa Mikoko Pamoja ulipoanza mwaka 2013, ukawa wa kwanza duniani wa kijamii kuuza hewa ukaa ya mikoko, ulisimama juu ya miaka ishirini na zaidi ya kazi ya kujua wapi panda nini. Eneo lenyewe ni hekta 117, na sehemu kubwa yake ni msitu wa asili unaolindwa.

Sasa tazama kwingine. Ufilipino walipanda mikoko kwa miongo mingi na kwa pesa nyingi, sehemu kubwa kwenye matope ya mbele na juu ya nyasi za baharini, kwa sababu ardhi ya nyuma ina wenyewe na mabwawa ya samaki. Waliokuja kupima walikuta iliyosalimika ni asilimia 10 hadi 20. Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, ilipanda kiasi cha hekta 1,000 hadi 1,200. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulikuta zilizofanikiwa ni kama 200 na kitu tu, na katika maeneo 23 yaliyokaguliwa, 9 hayakuwa na mche hata mmoja uliobaki. Wengine walipanda chini mno, wengine penye ukavu mno, wengine aina isiyohusika.

Mimi sitaki watu waache kupanda. Nataka yule bibi aulizwe kabla lori halijashusha miche.

#9 Bint_Mida

Salaam kutoka Mida, Watamu. Jamani mbona hamjamtaja kaa? Mnazungumza jua na chumvi kama kwamba msituni hakuna mwenye meno.

Sisi huku tukiwapeleka wageni kwenye daraja la mbao, mimi huwasimamisha mahali pamoja, nikawaambia nyamazeni. Baada ya dakika mbili tatu kaa wanatoka. Nikidondosha mbegu ya mchu, ile ya duara bapa kama dengu kubwa, sijamaliza kuhesabu kumi ameshaishika na kurudi nayo shimoni. Mbegu ya mkoko anaijaribu, anaiburuta, lakini ni ndefu, ngumu na ina ukakasi, mara nyingi anaiacha na alama za kucha. Kwa hiyo kabla mche haujaanza kugombania jua umeshapitia kwa kaa.

Gazi watafiti waliwafuatilia kaa hawa miaka ya 1990 wakaona wanavyoweza kuamua ni mbegu ipi itaota na wapi. Na Australia, mtafiti T. J. Smith alifanya jaribio alilolichapisha mwaka 1987: alifungia miche ya mchu kwenye vizimba vya waya katikati ya msitu ambako huwa haupo. Iliyozibwa ikaishi na kukua. Iliyoachwa wazi ililiwa.

Kwa hiyo mwanzisha uzi, jibu la fumbo lako la katikati ni hilo. Mchu wa katikati kaliwa.

#10 Mwalimu_Baiolojia

Dada ahsante sana, ila tusimtwike kaa mzigo wote. Ndani ya vizimba miche iliishi, ndiyo. Lakini mchu ni mti wa jua. Chini ya mkoko uliofunga anga, mche wa mchu una akiba ndogo kwenye ile dengu yake, ikiisha na jua halijafika unadhoofika. Mkoko umebeba chakula cha kutosha kwenye ile fimbo kuvumilia kivulini hadi mti mzazi uanguke. Kaa na kivuli wanafanya kazi pamoja. Na kuna wazo lingine, la Deborah Rabinowitz aliyefanya kazi Panama, mwaka 1978: kwamba maji yenyewe yanachambua mbegu, ndogo zinaelea hadi nyuma kwa bamvua, kubwa zinakwama mbele kwenye kina. Yeye pia alipandikiza miche nje ya maeneo yake na kuona inaweza kuishi kule ambako kwa kawaida haionekani.

Ninachokipenda kwenye mjadala huu ni kwamba hakuna kanuni moja inayotosha pwani zote. Panama kaa wake si wa Mida.

#11 Bint_Mida

Mwalimu nimekubali kivuli. Lakini kaa siwaachii.

Niongeze kitu kingine, kuhusu mahali penyewe kubadilika. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi sana kwenye hori la Mwache, mkono wa bahari ulio nje kidogo ya Mombasa. Udongo ukafukia mizizi. Mkoko unapumua kupitia vile vitundu kwenye matao yake. Vikizibwa, mti unakufa umesimama. Eneo kubwa lilikauka. Hapo hakuna jirani aliyekosea, ni ardhi iliyopanda chini ya miguu yao.

#12 Maskati_Mjini

Nawasoma kutoka Oman. Huku ushindani wenu haupo kabisa! Pwani nzima ni mchu peke yake, Avicennia marina. Wenyeji wanauita qurm, na hata mtaa mmoja mkubwa wa Maskati, Al Qurm, umepata jina kwake. Hakuna mkoko, hakuna mlilana. Baridi ya usiku wakati wa majira ya baridi, joto la kiangazi, chumvi, ukosefu wa mito: vyote vimewachuja wengine, kabaki mmoja. Na hapa mchu unajaza kila nafasi, mbele, katikati na nyuma, kwenye hori lote. Mzee wangu aliyezaliwa Unguja alipouona mara ya kwanza alisema "mbona huyu huku kakaa hadi sebuleni?"

Ndiyo maana boriti nyingi za nyumba kongwe za huku zilitoka kwenu, kwa majahazi, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982.

#13 MwanaMwambao

Maskati, umenipa jaribio ambalo mimi nisingeweza kulifanya maisha yangu yote. Mwalimu alisema huwezi kujua mpaka umwondoe mmoja. Huko kwenu baridi na chumvi vimewaondoa wote, na mchu akaingia katikati. Najua kaa na hali nyingine za huko nazo ni tofauti, sifungi mjadala kwa hilo. Lakini nimelisoma mara tatu.

#14 Delta_Rufiji

Wakuu, mimi natoka delta ya Rufiji, upande wa kaskazini. Mikoko yetu ndiyo msitu mmoja mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Miaka ya 1970 mto ulibadili mkondo, maji mengi yakaanza kupita matawi ya kaskazini. Chumvi ikapungua huko. Wazee wakaona mpunga unakubali, wakafyeka mikoko wakalima. Shamba unalilima miaka michache, kisha magugu na kaa wanakuzidi, unafyeka kwingine. Mnaosema jirani, njooni muone shamba lililoachwa. Mkoko haurudi. Kunaota yale magugu makubwa ya matopeni na mtambaa unaofunika kila kitu kama neti. Mbegu za mkoko zinafika na maji, zinakwama juu ya majani, zinakauka. Pale chumvi ikiwa kali hayo magugu hayapo na mkoko unarudi mapema. Yaani maji matamu tuliyoyafurahia kwa mpunga ndiyo yaliyomletea mkoko mshindani.

Kisha bwawa la umeme la Nyerere, huko juu mtoni, likaanza kujazwa Desemba 2022. Maji yanakuja kwa ratiba nyingine, tope linakwama huko juu. Sisi wa chini tunaangalia tu mstari wa msikundazi, kama utasogea.

#15 Mtoto_wa_Kisiju

Haya, mimi nimeelimika na nimeshusha sauti. Sasa mwanzisha uzi tuambie, kijijini kwenu baada ya ile hasara mlifanyaje? Au mmekaa?

#16 MwanaMwambao

Hatukukaa.

Nyuma ya msitu wetu kuna mashamba ya chumvi yaliyoachwa tangu sijazaliwa. Yamezungushiwa tuta la udongo, maji ya bahari hayaingii ila kwa kuvuja. Ndani ni jangwa, weupe mtupu, jua likipiga huwezi kufungua macho. Yule bibi alituambia kwamba kabla ya tuta hapo palikuwa na mchu, na yeye aliokota kuni pale. Tukaenda kuchimba, kweli, visiki vipo.

Nikasoma habari za Robin Lewis, mtaalamu wa kurudisha mikoko kule Florida, Marekani. Njia yake ilikuwa ni kurudisha maji kwanza, kusawazisha ardhi ifike kimo cha msitu wa jirani, kisha kuacha bahari ilete mbegu yenyewe. Kwenye eneo kubwa la West Lake msitu ulirudi bila kupanda. Tukajiuliza: sisi bahari tunayo, msitu wa mbegu upo mita mia moja tu, kilichotuzuia ni tuta.

Tukaomba ruhusa ofisi ya misitu, ikachukua muda ila ikatoka. Tukakata tuta sehemu mbili kwa majembe, pale ambapo mifereji ya zamani ilipita. Watu kumi na wawili, siku tatu. Hatukununua mche hata mmoja. Bamvua ya kwanza maji yaliingia hadi ukutani kwa nyuma, yakatoka na rangi ya maziwa kwa chumvi iliyoyeyuka. Kazi ya kuosha ikaendelea hivyo miezi kadhaa.

Masika ya mwaka huu mchu ukadondosha mbegu. Nilikwenda na bibi asubuhi baada ya bamvua. Kando ya mfereji mpya, kwenye mstari maji yalipoishia, kulikuwa na dengu zimejipanga kama mtu amezimwaga kwa mkono, nyingine zimeshafungua majani mawili. Tulinyoosha kamba hatua ishirini, tukahesabu pande zote mbili kwa upana wa mkono: 61. Mwezi uliofuata 38. Kaa wamekula, jua limekula. Mwezi wa tatu 35.

#17 Mwalimu_Baiolojia

Endelea kuhesabu kamba ileile, usiihamishe! Na angalia mkandaa utatokea wapi. Kwenye ardhi yenye chumvi kali, mchu uliotangulia unaleta kivuli, tope linakauka polepole, chumvi inapungua chini yake, na mizizi inanasa mbegu za wengine. Huko Gazi pia wameona mchu ukiwasaidia wengine kuingia. Yaani jirani yuleyule ambaye mbele ya msitu ni mpinzani, kwenye ardhi ngumu anakuwa mwenyeji. Ugumu ukipungua, ugomvi unaanza. Mtaona kwa macho yenu, ila itachukua miaka.

#18 FundiMataruma

Na msiwaruhusu mbuzi. Mchu mchanga ni pilau ya mbuzi.

#19 MwanaMwambao

Fundi, mbuzi walishapita, ndiyo maana nyuma ya kamba hakuna kitu. Tumeweka miiba.

Mwalimu, mkandaa upo mmoja. Nilidhani ni kijiti. Bibi ndiye aliyeinama, umekwama kwenye mizizi ya mchu mdogo mkongwe uliookoka karibu na tundu la tuta, upande wa kivuli, una majani manne. Ameufungia kitambaa chekundu cha kanga yake ili tusiukanyage.

Wa Kisiju, bamvua ya mwezi ujao njoo. Vaa viatu vya kamba vinavyobana, tope litakuvua ndala. Miche usilete.